Mke Wangu Kwenye Mkia wa Filamu

Wiki jana mliniacha mlangoni kwa Daktari wa Meno, kidole bado kiko kwenye kengele, na yeye ameniambia maneno yaliyoninyima usingizi: "Huo mkia naujua. Nimeuona."

Kwa ambao hawakuwepo, nawapa kwa ufupi. Ufupi ndio ugonjwa wangu.

Mimi natengeneza vyerehani. Si mshonaji, jamani, msiniletee vitambaa. Natengeneza mashine zenyewe. Nikimaliza kazi nakusanya filamu za kufupishwa. Zamani, kabla hata ya kanda za video, sinema ya saa mbili ilikatwakatwa ikabaki robo saa, ikahamishiwa kwenye mkanda mwembamba wa upana wa ukucha, ikauzwa ndani ya boksi lenye picha nzuri ili mtu akaitazame ukutani kwake. Nyingi hazina sauti, maneno yanaandikwa. Wapenzi wanakutana, wanagombana na kuoana kabla chai yako haijapoa. Watu wananicheka. Wacha wacheke.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Siku tuliyokutana ndugu na jamaa kumkumbuka, shemeji yangu, kaka wa marehemu, yule mpiga picha wa harusi, akaniuliza mbele za watu:

"Hivi shemeji, ile filamu dada aliyokuungia mwishoni mwa ile ya mwanajeshi, uliionaje?"

"Filamu gani?"

Ndipo akanieleza. Kumbe mke wangu alimwomba kaka yake ampige filamu, akachukua kikatio changu na selotepu yangu, akaunga kipande chake kwenye mkia wa filamu ninayoipenda kuliko zote, kisha akanyamaza ili niikute mwenyewe.

Sikuikuta. Mimi neno "Mwisho" likitokea tu ukutani, narudisha mkanda nyuma. Kila mkanda una mkia mtupu, na nani anapoteza muda kutazama mkia? Baadaye, yeye ameshaugua, nikapata nakala nyingine ya filamu ileile, yenye sauti, na ile ya zamani nikabadilishana na Daktari wa Meno. Nilimkabidhi mke wangu kwa mikono yangu miwili, huku nikitabasamu.

Picha za kawaida ninazo. Kwenye zote amekaa wima kama anayepigwa ya kitambulisho. Lakini mke wangu akitembea, akigeuza kichwa, akicheka, yuko kwenye mkia ule tu, kwingine hayupo. Hilo ndilo lililonipeleka kwa daktari. Haya, tuendelee.

"Umeuona?" nikamwuliza. "Uko wapi?"

"Niliukata."

Nikashika fremu ya mlango.

"Ukaufanya nini? Umeutupa?"

"Mimi?" Eti akakasirika yeye. "Kwangu filamu haitupwi. Ingia, unaniingizia vumbi."

Daktari ni mstaafu, mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Anaishi peke yake. Siku aliyostaafu aliondoka na kile kiti cha wagonjwa kinacholala nyuma, na ndicho anachokalia mpaka leo akitazama filamu zake. Mgeni anapewa kiti cha jikoni, chenye mguu mmoja mfupi.

Nikakalia kile chenye mguu mfupi.

"Fundi," akaanza, "wewe mwenyewe unajua kichwa cha mkanda kinavyoumia."

Najua. Kila mkanda unahitaji kipande cha mbele kisicho na picha, urefu wa mkono hivi, cha kupitisha kwenye meno ya projekta kabla filamu yenyewe haijaanza. Kipande hicho ndicho kinachotafunwa. Kikiisha, mashine inaanza kuila filamu. Na siku hizi vipande vya namna hiyo havipatikani hata kwa dawa.

"Basi," akasema, "nikaona mkia mrefu, mwanamke simjui, anasuuza vikombe, hadithi hakuna. Nikasema hii itanifaa. Nikaukata vipande, nikaviunga kwenye vichwa vya mikanda yangu."

"Mikanda ipi?"

Akanyoosha mkono. Ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini, ulikuwa maboksi.

"Umemkatakata mke wangu!"

"Ningejuaje ni mke wako? Hakujitambulisha!"

Nilisimama nimpige. Wallahi nilisimama. Lakini mzee mwenyewe shingo yake yote mishipa, ukimpiga unampiga wapi? Nikarudi kwenye kiti cha mguu mfupi, nikalia mbele ya mtu ambaye nilizoea kubishana naye habari za mafuta ya mashine tu. Akahangaika akitafuta kitambaa, mwisho akanipa kile anachofutia lenzi.

"Nirudishie," nikasema.

"Nikung'olee vichwa vyote? Filamu zangu zitaliwa."

"Nina mkanda mweupe, mpya kabisa, nimeutunza miaka. Kila kinapotoka kipande changu, nakuungia kichwa kipya kwa mkono wangu."

Akafikiri. Akavua miwani, akaifuta.

"Nina sharti. Hung'oi kichwa mpaka filamu yenyewe tuwe tumeitazama. Yote. Mimi na wewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukishapata chako hutarudi."

Alilisema bila haya. Ni kweli, nisingerudi.

Ikawa kila alasiri nafunga duka mapema, naenda kufungiwa mapazia. Nimewaona maharamia wasio na meli, maana meli ilikatwa. Nimemwona mfalme akipinduliwa na mtu ambaye hata hatukumwona akiingia ikulu. Nimeliona jitu likitoka pangoni na kufa papo hapo, maskini, hata jua halijalipata vizuri. Daktari yeye hatazami hadithi. Anatazama meno.

"Unaona huyo malkia? La juu kushoto ni la bandia."

"Daktari, anakufa huyo."

"Anakufa na jino la bandia."

Kusema kweli, siku nyingine nilijikuta nacheka. Kisha nakumbuka nimefuata nini, kicheko kinaniishia mdomoni.

Filamu ikiisha tunafungua pazia, nakata kichwa, tunakipeleka dirishani. Daktari ana kioo cha kukuzia alichokuwa akichungulia meno ya watu. Ananipa kwanza mimi, hilo nimpe haki yake.

Kipande cha kwanza kilikuwa mikono. Mikono tu, ndani ya beseni, inasuuza kikombe. Sikuhitaji kuambiwa. Kuna alama ya pasi juu ya kidole gumba, alijiunguza siku nilipomwita kwa kelele aje aone gari la kwenye filamu linavyoanguka korongoni.

"Ni yeye?" daktari akauliza.

"Ni yeye."

Daktari akaenda kuchemsha maji.

Kipande kingine kilikuwa maandishi ya chaki juu ya kifuniko cha boksi, kama yale maneno yanayotokea kwenye filamu zisizo na sauti. Yalisema: MAMBO YALIYOKATWA.

Nikacheka kwa sauti, nikajikuta sauti imegeuka ikawa kitu kingine. Maana nilijua ametoa wapi.

Ile filamu ya mwanajeshi, mnaoifuatilia hadithi hii mnaikumbuka. Mwanajeshi anaaga, mkewe anabaki getini anapunga mkono, na papo hapo mwanajeshi anarudi ana ndevu nyeupe. Mke wangu hakuisamehe filamu ile.

"Na huyu mke wake," aliniuliza, "hapo katikati aliishije?"

"Pamekatwa. Ni ya kufupishwa, bibi wewe, wanakata sehemu za kungoja. Hazina mambo."

"Hazina mambo?"

"Mtu anangoja tu. Utamtazama anangoja?"

Aliniangalia, akaenda zake jikoni. Nilidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alikwenda kutengeneza filamu. Vipande vilivyofuata vilitoka kimoja kimoja kwenye vichwa vya maharamia na wafalme. Kadi: MUME YUKO NA FILAMU ZAKE. Kisha mgongo wake, amesimama dirishani. Kadi: MKE ANAKUNYWA CHAI YAKE. Kisha mkono na kikombe. Kadi nyingine: SASA ANAKUNYWA NA YA MUMEWE.

Daktari alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpige mgongoni.

"Alikuwa na vituko huyu mama."

"Alikuwa navyo."

"Na wewe wakati huo ulikuwa wapi?"

"Chumba cha pili."

"Umesafiri?"

"Chumba cha pili, daktari. Ukuta wa pili tu."

Daktari akainamia kioo chake, kumbe hakukuwa na kitu cha kuangalia.

Nyumbani nilifunga kamba kutoka dirishani hadi mlangoni, nikavitundika vile vipande kwa vibanio vya nguo. Nikiamka asubuhi navikuta vinacheza na upepo. Ninapika chakula cha mtu mmoja, na bado nakosea kipimo, kinabaki. Naongea na redio. Sitaki mnionee huruma, nawaeleza tu hali ilivyo. Nina upweke kiasi kwamba nilianza kuisubiri ile alasiri hata pasipo kipande. Hilo sikumwambia daktari. Angeniongezea sharti.

Mwisho rafu zikaisha.

"Tumemaliza," akasema, akijipangusa mikono.

Nilikuwa na mikono yake, mgongo wake, miguu yake ndani ya ndala ikienda na kurudi kwenye sakafu ya jikoni. Nilikuwa na kadi. Uso sikuwa nao hata kidogo.

"Uso uko wapi, daktari?"

"Labda hakupigwa uso. Watu wengine wanaona haya."

"Mke wangu? Haya?"

"Basi sijui. Umeona mwenyewe, rafu ni hizo."

Nikaenda nyumbani nimevunjika moyo. Nikajiambia nishukuru nilichopata. Mnajua mtu anavyojiambia ashukuru. Haisaidii.

Kesho yake shemeji akanipitia dukani. Nilikuwa nimekifungua cherehani tumbo, mteja amekaa pembeni ananiharakisha. Shemeji huwa haingii, anavamia.

"Shemeji! Umempata dada?"

"Nimempata. Uso tu ndio hukumpiga."

"Nani kakwambia?"

"Vipande vyote nimeviona. Uso hamna."

Shemeji akashika kiuno.

"Sikiliza wewe. Kipande cha mwisho ni uso mtupu. Nilipiga magoti mbele yake karibu hivi, goti langu likaloa maji ya vyombo. Ameshika kadi yake. Kisha akaishusha, akacheka, akasema kitu."

"Akasema nini?"

"Kamera haina sauti, na mimi nilikuwa nahangaika na mwanga. Sikusikia."

"Ulikuwa mbele yake, hukusikia?"

"Mwanga ulikuwa unaondoka, shemeji! Lakini midomo inaonekana. Alisema kitu, na hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anaitazama kamera kama ni wewe."

Nikaangusha bisibisi. Mteja akauliza, "Na mashine yangu?" Nilimwachia shemeji duka, mteja akiwa ndani, cherehani tumbo wazi, nikaondoka na aproni yangu.

Daktari alifungua mlango, akaniona usoni. Akarudi nyuma hatua, akanipisha.

"Umenidanganya."

"Ndiyo."

Alikubali haraka hivyo. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi njia nzima.

Pembeni ya kiti chake cha wagonjwa palikuwa na kijimeza, na juu yake boksi moja ambalo halijawahi kupanda rafuni. Nililiona kila siku. Ni lile la mwanajeshi, lililokuwa langu. Sikuwahi kuliuliza kwa kuwa nilijua mkia wake umeshakatwa. Kuangalia kichwa sikufikiria.

"Kiko humo," nikasema.

"Kiko humo. Kaa kwanza."

"Sikai!"

"Basi simama unisikilize." Akaweka kiganja juu ya boksi. "Mke wangu alinihama zamani. Wanangu wakipiga simu wanapiga wakiwa njiani kwenda mahali. Siku nzima ndani ya nyumba hii hakuna mtu anayeniambia kitu. Hata kuniambia nisogee. Siku niliyokuwa naukata ule mkia nikafika mwisho, nikamwona. Nikakiunga hapo, na kila siku nakipitisha kwenye taa. Huyu mama ananiambia kitu, fundi."

"Anakuambia nini?"

"Ananiambia nigeuke."

Nikadhani mzee wa watu amechanganyikiwa.

"Ndivyo kadi yake inavyosema," akaendelea. "GEUKA. Neno hilo tu. Basi namtii. Kila siku nageuka."

"Unaona nini?"

"Mlango."

Hasira niliyokuja nayo sijui ilikwenda wapi. Nilikaa. Nilikaa kwenye kiti chake cha wagonjwa bila kuombwa, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa.

Kwetu projekta ilikuwa juu ya meza, na mimi nakaa nayo sambamba, nimeupa mlango mgongo. Jioni, filamu ya mwanajeshi ikikaribia kuisha, nilikuwa nasikia ndala zikija kutoka jikoni. Zinafika mlangoni zinasimama.

"Imeisha?" anauliza.

"Imeisha," namjibu, mkono uko kwenye kitufe cha kurudisha nyuma, shingo hata haijajisumbua.

Anasimama kidogo. Kisha ndala zinarudi.

Jioni ngapi? Sijui, na sitaki kujua. Nilidhani anauliza ili apakue chakula. Kumbe alikuwa anangoja kadi yake itokee ukutani. Alikuwa amesimama pale mlangoni, nyuma yangu, ili nikigeuka nimkute. Aliendelea kuja mpaka ugonjwa ulipomlaza, na hata hapo hakusema. Angesema, ningejua! Lakini alitaka niifikie mwenyewe.

Nikamweleza daktari. Nilieleza vibaya, maneno yanapandana, lakini alielewa. Alivua miwani na safari hii hakuifuta.

"Kwa hiyo si mimi aliyekuwa akimwambia."

"Si wewe, mzee wangu."

"Nilijua," akasema. "Sikuwa mjinga. Nilijua ni ya mtu."

Akalichukua lile boksi, akanipa kwa mikono miwili.

"Mchukue mkeo. Lakini kuna jambo lingine, na usinipige."

Tukaenda dirishani. Akanipa kioo. Nikaona kwanza uso, mdogo kuliko punje ya mchele. Kisha nikaona alichotaka nikione. Vile vitundu vya pembeni, ambavyo meno ya projekta huvishika ili kuvuta mkanda, vilikuwa vimechanika kimoja baada ya kingine. Kila siku kumpitisha kwenye mashine, na mashine haijui mapenzi.

"Nilijaribu kuviziba kwa ile selotepu yenye vitundu," akasema. "Haishiki. Pembeni hakuna nyama ya kushikia."

Mimi ni mtu wa mashine. Nilikiangalia kama ninavyoangalia gia iliyolika, na jibu nililipata mara moja.

"Kitapita mara moja."

"Labda," akasema daktari. "Na kikikwama mbele ya taa, taa itakiunguza."

Sasa nawauliza nyie mnaonisoma mkiwa mmetulia. Ningeweza kwenda nacho nyumbani, nikakitundika kwenye kamba, nikawa nautazama uso wa mke wangu, mdogo kama punje, mpaka nife. Au nimwone akicheka mara moja, mkubwa, ukutani, akisema alichokisema. Kwa kioo niliona midomo imefunguka. Lakini midomo iliyoganda haikwambii neno. Mtu asome vipi midomo isiyochezacheza?

Najua wapo watakaoniita mpumbavu. Niliwahi kuitwa.

"Funga pazia," nikamwambia.

Nilitaka kuiendesha mashine mwenyewe. Tukabishana. Yeye alisema vidole vyake vinakijua kile kipande, kinapokwama na kinapopenda kutoka, na mimi nikiwa kwenye mashine nitatazama mashine, nitamkosa mke. Alikuwa na haki. Akanilazimisha nibaki kwenye kiti cha wagonjwa, akanilaza nyuma kama anayetaka kuning'oa gego. Yeye akasimama nyuma yangu penye projekta, na nyuma yetu sote, mlango.

"Sikiliza, fundi. Nimemtazama mara nyingi, najua anavyokwenda. Atainua kadi. Ataishika muda mrefu, utachoka. Usigeuke! Mimi nilikuwa nageuka kwa kuwa nina siku nyingine. Wewe huna. Akishusha kadi tu, ndipo anaposema, neno ambalo mimi sikuwahi kulisoma, naona meno tu. Mtazame mdomoni."

"Nimesikia."

"Usigeuke hata nikipiga chafya."

"Nimekuambia nimesikia!"

Akawasha.

Ukuta ukawa mweupe, ukatetemeka, na mke wangu akawa amesimama mbele yangu.

Alikuwa mkubwa kuliko mlango. Kitambaa cha kichwa amekifunga vibaya, sikio moja liko nje. Alikuwa anajizuia kucheka, najua, anapojizuia shavu moja linaingia ndani. Alipepesa macho. Wasomaji, alipepesa macho. Nilikuwa nimesahau kwamba hicho ni kitu ambacho watu wanafanya.

Nyuma yangu projekta ilikuwa inagugumia. Daktari ananong'ona, "Twende mama, twende, pole pole."

Akainua kadi. GEUKA.

Sikugeuka. Nilishika mikono ya kiti nikakaza. Nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa nyuma ya kadi ile, ilikuwa imefunika mdomo wake. Macho yake yalikuwa juu ya kifuniko cha boksi, yananitazama. Akangoja.

Bado amenyanyua kadi. Daktari alisema nitachoka, lakini sikuchoka. Nilimwona yeye akichoka. Mkono ulianza kumlegea, akaubadilisha, akashika kwa mkono mwingine, macho hayajaondoka kwangu. Alikuwa anangoja kama alivyokuwa akingoja jioni zote zile, na muda wote huo aliniomba jambo moja tu, na mimi hapa nimekaa namtazama anangoja ili nipate ninachokitaka mimi.

"Sasa hivi," daktari akanong'ona. "Sasa hivi anashusha. Mtazame mdomoni, fundi."

Nikageuka.

Nilijinyanyua kwenye kile kiti, nikageuza shingo, kifua, mwili mzima. Nikautazama mlango. Koti la daktari lilikuwa limening'inia kwenye msumari. Mtu hakuwepo.

"Nimeiona, mke wangu," nikasema. "Nimefika mwisho."

Mlio wa projekta ukabadilika.

"Fundi!" Daktari akapiga ukelele. "Imekwama! Imekwama akiwa anasema! Mdomo uko wazi, fundi, geuka!"

Harufu ya plastiki inayoungua ikanifikia puani, na mimi bado nilikuwa nimeukazia macho mlango.